Kilo za Watu

Kwetu Masasi mtoto hupata dini kwa baba na ukoo kwa mama. Ndivyo ilivyo kwa Wayao, Wamakua na Wamwera: mtu ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba yangu alikuwa Mwislamu, hivyo nikapelekwa chuoni kusoma juzuu kama watoto wenzangu wa mtaani. Mama alitoka kwenye nyumba ya Waanglikana wa siku nyingi, watu ambao historia yao kwetu inaanzia 1876, pale misheni yao ya UMCA ilipofungua makazi Masasi kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Alipoolewa hakubadili dini. Kwa hiyo mjomba aliyekuwa na haki ya kuniita, kunikemea na hata kunitafutia mchumba alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani. Sikumbuki mtu yeyote akilishangaa jambo hilo.

Baadaye nimeishi mikoa mingine, na nimesikia mengi yakisemwa juu ya kuvumiliana, mengi yakihusu moyo mwema. Nyumbani kwetu mioyo ilikuwa kama ya watu wengine wote, siku nyingine myepesi na siku nyingine mizito. Kilichotuwezesha kuishi pamoja ni taratibu. Kuku wa Krismasi alichinjwa na baba, na baba akiwa safarini aliitwa jirani Mwislamu, kwa sababu nusu ya watakaomla walikuwa Waislamu. Bibi mzaa mama hakuona kwamba kapunguziwa Krismasi yake. Ramadhani ikiingia, bibi huyo huyo ndiye aliyesimamia uji wa futari, na ndiye aliyeonja sukari na chumvi, maana yeye hakuwa amefunga. Ijumaa Kuu baba alirudi na samaki wakavu hata kama buchani nyama ilikuwepo. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alijua nyumba aliyooa.

Bibi alipofariki, kaburi lilichimbwa na vijana wa dini zote mbili. Ibada ilipokaribia mwisho, padri alitoka mlangoni akamwuliza baba sala ya alasiri itaisha saa ngapi. Aliporudi ndani aliwaambia wanakwaya waongeze nyimbo. Waliimba hadi wanaume walipotoka msikitini na kuvuka barabara, wengine bado wana maji ya udhu mikononi. Hapo ndipo jeneza likainuliwa, na mabega yaliyolibeba yalikuwa ya pande zote mbili. Naamini padri yule hakujiona anatenda jambo kubwa. Alikuwa anahesabu wabebaji, na wabebaji nusu walikuwa wanasali.

Utaratibu wa namna hii hauanguki kutoka mbinguni. Kuna watu waliuchagua. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliikuta jando imeshika maisha ya vijiji. Wamisionari wengi wa wakati ule waliona dawa ni kuipiga marufuku. Yeye aliiacha ibaki jando, akabadilisha yale aliyoona hayapatani na Ukristo na kuweka ibada mahali pake. Kijana Mkristo hakulazimika kuchagua kati ya kanisa na wazee wake. Wapo wanaomsifu kwa uamuzi huo na wapo wanaoulaumu, lakini mimi ni mjukuu wa matunda yake. Najua maana yake kuishi mahali ambapo watu wenye mamlaka waliona kuna mambo yanayoweza kuachwa yalivyo bila mbingu kuanguka.

Nayaeleza haya kwanza kwa sababu nilipofika umri wa kujipangia maisha, nilidhani nimeshalijua somo la maadili lote. Nilikuwa naheshimu wakubwa, sichagui wa kumsalimu kwa dini yake, sala yangu nilikuwa siiachi. Nilichobakiza ni kufanikiwa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Nilikuwa na kaunta buku moja ambayo kurasa zake za mwisho nilizifanya za malengo. Niliandika chuo. Niliandika nyumba ya tofali za kuchoma na bati. Niliandika shamba la mikorosho la kwangu mwenyewe, nisilopewa na mtu, na pikipiki. Chini ya kila lengo niliweka gharama zake na mwaka wa kulitimiza. Jioni moja mjomba alikuja kututazama, akaliona daftari juu ya mkeka, akavaa miwani na kulisoma taratibu kama anavyosoma nota za kwaya.

"Mpwa wangu," akasema, "humu umeandika unavyovitaka. Usivyovitaka umeviandika wapi?"

Nikamjibu kwamba sitaki umaskini, na hilo halihitaji kuandikwa.

"Sikuulizi hilo. Nakuuliza kazi gani hutaifanya na mali ya nani hutaigusa, hata kama ndiyo njia fupi ya kuifikia hii pikipiki. Kama hujui, basi haya si malengo. Ni njaa."

Alifunga daftari, akaomba maji ya kunywa, mazungumzo yakahamia kwenye mvua. Sikuandika chochote usiku ule. Niliona mzee amezoea kuhubiri.

Msimu wa korosho ulipofunguliwa nikapata kibarua cha ukarani wa mizani katika chama cha msingi. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza mkoani Mtwara msimu wa 2007. Kwa msomaji asiye wa kusini nieleze kwa ufupi. Kabla ya hapo mkulima alikuwa mikononi mwa mnunuzi binafsi, na wengi waliingia kwenye kangomba, yaani kuuza korosho kwa bei ya kutupa, mara nyingi zikiwa bado mtini, kwa mtu mwenye fedha taslimu na shida za mkulima mkononi. Chini ya stakabadhi ghalani mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake, unapimwa, anapewa risiti. Chama kinasafirisha hadi ghala kuu, korosho zinauzwa kwa mnada, na fedha inarudi ikiwa imekatwa makato ya usafiri, ushuru na mengineyo. Ni mfumo mzuri kwa nia yake, na bado nauunga mkono. Ila una mlango mmoja ambao kila kilo inapitia, nao ni pale mizani inaposomwa na namba kuandikwa.

Sisi tulikuwa wawili mlangoni hapo. Mwenzangu alisoma, mimi niliandika. Mkulima alifika na baiskeli, gunia limelala nyuma, au na kiroba kichwani. Korosho zilimwagwa kwenye turubai. Mwenzangu aliinama akachota kiganja, akakitikisa karibu na sikio, kwa sababu korosho iliyokauka vizuri ina mlio wake na mbichi ina wake. Zilizooza na zilizosinyaa zilitengwa. Zilizobaki zilirudi kwenye gunia na gunia likapanda mizani.

Wiki ya kwanza haijaisha, kiongozi mmoja wa chama alituita nyuma ya ghala. Alikuwa mtu wa msikitini kwetu, safu ya mbele, mtu aliyenifundisha mimi na wenzangu jinsi ya kuosha maiti. Alizungumza kwa upole. Alisema korosho hunyauka, na hilo ni kweli: mzigo unaopokelewa Oktoba hupoteza uzito ukikaa, na kilo zikipungua ghala kuu chama ndicho kinachoulizwa. Unyaufu ni neno halali kabisa. Kwa hiyo, akasema, pointi zote mtaziacha. Arobaini na saba na pointi nane ni arobaini na saba. Kitakachobaki baada ya unyaufu, mwisho wa msimu tutakaa tuone. Akamalizia kwamba mkono mtupu haulambwi, akatupa pole ya kazi na kuondoka.

Nilipiga hesabu usiku. Pointi zikiachwa, kila mzigo unapoteza kwa wastani karibu nusu kilo. Chama kikipokea mizigo 200 kwa siku, hizo ni kilo 100, zaidi ya gunia zima la kilo 80, na msimu una wiki nyingi. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo serikali ilitangaza ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe Novemba 2018, gunia la namna hiyo na ziada yake ni shilingi 330,000 kwa siku moja. Bei ya enzi zangu ilikuwa chini sana ya hapo, lakini hata kwa bei hiyo pikipiki yangu ilionekana kwa macho. Mkulima mmoja mmoja asingejua. Nani atalia kwa ajili ya pointi nane?

Sasa nimweleze mwenzangu wa mizani. Alikuwa mtu mzima, Mkristo kwa ubatizo, ila kanisani alionekana siku za misiba. Msimu wa mabibo alikunywa uraka, pombe ya mabibo hayo, kila jioni, na akishakunywa aliimba njiani. Wanawake wa mtaa wetu waliwaita watoto ndani akipita. Mimi mwenyewe nilikaa naye mizani kwa tahadhari, nikihofia watu wangesema nimeanza kumfuata.

Asubuhi iliyofuata gunia la kwanza lilipanda. Mwenzangu alilitazama dirisha la mizani, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mahali pale: "Arobaini na saba, pointi nane!"

Foleni nzima iligeuka. Mkulima mwenye gunia akairudia namba yake. Wa nyuma yake akairudia naye, kwa kujaribu tu. Kisha mwenzangu akaniangalia mimi na kalamu yangu, akasubiri. Nikaandika 47.8.

Ikawa hivyo kutwa, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alikuja bibi mmoja na kiroba cha plastiki kilichoshonwa kwa kamba ya katani. Hakujua kusoma. Mizani ilisema kumi na moja na pointi sita. Alikunja vidole mbele ya kifua chake ili asiipoteze, akawa anaitamka kwa sauti ndogo kutoka kwenye mizani hadi kwenye meza ya risiti, hatua kwa hatua: kumi na moja na pointi sita, kumi na moja na pointi sita. Alipopewa karatasi alimpa kijana aliyekuwa nyuma yake amsomee. Kijana akasema, "Ndiyo bibi, kumi na moja na pointi sita." Ndipo akafungua vidole.

Kiongozi wetu hakusema neno, kwani angesema nini mbele ya foleni? Mwisho wa msimu hapakuwa na kikao cha kukaa tuone. Msimu uliofuata mimi na mwenzangu hatukuitwa kazini. Sababu iliyotolewa juu yake ilikuwa ulevi. Juu yangu hapakutolewa sababu, lakini wazee wawili wa msikitini walikuja nyumbani kwa heshima zote na kumwambia baba kwamba kijana wake hana busara. Walisema mtu yule ni mwenzetu. Aibu ya mwenzetu ni aibu yetu, na haikufaa kumwachia Mkristo mlevi amfedheheshe mtu wa safu ya mbele.

Baba aliwasikiliza hadi mwisho. Aliwauliza swali moja tu: kilo zile zilikuwa za nani? Hawakujibu, wakanywa chai, wakaaga.

Nisieleweke vibaya kwamba hili ni jambo la dini yangu peke yake. Katika chama cha jirani mambo yalikuwa yale yale na mhusika alikuwa mtu wa kanisani, na waliomkingia kifua walikuwa waumini wenzake. Walitumia maneno yale yale: mwenzetu, aibu yetu, yaishe humu ndani.

Ndipo nilipoanza kuona kitu ambacho kukua katika nyumba ya dini mbili hakukuwa kumenionyesha. Watu wale wale waliokosa subira na uraka wa mwenzangu walikuwa na subira isiyo na mwisho na wizi wa kiongozi wetu. Uraka haukumpunguzia mtu hata punje moja ya korosho. Wizi ule ulichukua sukari, daftari za shule na dawa kutoka nyumba nyingi mara moja. Tulikuwa wakali mahali ambapo hakuna aliyeumizwa na wapole mahali ambapo watu walikuwa wanaumizwa kila siku, na ukali ule na upole ule vyote tuliviita maadili.

Mwaka 2013 ulinirudisha kwenye fikra hiyo kwa nguvu. Februari ya mwaka ule, Buseresere mkoani Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja uligeuka vurugu na mchungaji mmoja akauawa. Nilimkumbuka baba na kuku wa Krismasi, nikashindwa kulala. Jambo ambalo nyumbani kwetu lilimalizwa kwa kumwita jirani, kwingine lilimaliza uhai wa mtu. Aprili ya mwaka huo huo, Liwale, wakulima wa korosho waliokasirishwa na malipo pungufu waliingia barabarani, na nyumba zikachomwa moto. Kuchoma nyumba ya mtu ni uovu, sitautetea. Lakini hasira ile haikuzuka siku moja. Najua inavyojengwa, pointi moja baada ya nyingine, msimu baada ya msimu, huku kila upande ukimkingia kifua wa kwake.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba juu ya mizani vitabu vyetu havigombani. Sura ya 83 ya Kurani, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la wapunjao vipimo, na inaanza kwa kuwaonya. Sura ya 11 ya Mithali inafunguka kwa kuikemea mizani ya udanganyifu. Kama kuna mahali ambapo Mwislamu na Mkristo wa Masasi wangeweza kusimama bega kwa bega bila yeyote kuacha chochote cha kwake, ni hapo. Hata hivyo nguvu zetu tunazimalizia kwenye kisu cha kuchinjia.

Kwa hiyo nikiulizwa leo mipaka ya uvumilivu iko wapi, najibu bila kusitasita. Sala ya jirani yangu, chakula chake, chama chake cha siasa, kinywaji chake, mavazi ya binti yake na aliyemchagua kuoana naye, vyote hivyo si vyangu. Vingine sivipendi na nikiulizwa nitasema sivipendi. Lakini nitavipisha, na pale inapowezekana nitapanga mambo yangu ili naye apate nafasi, kama padri alivyopanga nyimbo. Haki ya mtu ni jambo jingine kabisa. Anayechukua cha mtu mwingine simpishi, awe wa ukoo wangu, wa dini yangu au aliyenifundisha kuosha maiti.

Mkubwa mmoja wa wilaya yetu amenisaidia kulifikiri hili. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akawa Rais wa awamu ya tatu, na mwaka 2019, miezi michache kabla ya kifo chake, akatoa kitabu cha kumbukumbu ambacho jina lake linazungumzia maisha yake na kusudi lake. Alikuwa na mengi ya kujivunia na aliyaeleza. Lakini hakuyaruka mauaji ya Pemba ya Januari 2001, yaliyotokea chini ya utawala wake. Aliandika kwamba ni jambo lililobaki likimwumiza. Wapo wanaoona hilo halitoshi, na waliofiwa wana kila haki ya kusema hivyo. Mimi ninachokiona ni mtu aliyefika mwisho wa orodha ya malengo yake, kila alichokiandika amekipata, na bado anaulizwa lile swali la mjomba: ni nini ambacho hukupaswa kukubali kitokee ulipokuwa njiani?

Chuo cha ualimu nilikipata mwaka uliofuata msimu ule wa mizani. Mjomba aliuza mbuzi, baba akaongeza, na mwenzangu wa mizani, ambaye hakuwa na kazi, alikuja usiku na noti zilizokunjwa ndani ya karatasi ya daftari. Nilipojaribu kuzikataa alisema za uraka zimebaki, nisiwe na wasiwasi. Nafundisha hesabu shule ya msingi hadi leo. Nyumba ya bati ninayo. Mikorosho ninayo, michache, na napulizia salfa mwenyewe ugonjwa wa ubwiriunga unapoanza. Pikipiki nilinunua nikiwa nimeshazoea kutembea. Ule ukurasa wa pili nao niliuandika hatimaye, ule wa nisivyovitaka, na nimegundua kwamba huu ndio unaoamua mambo. Ukurasa wa kwanza umebadilika mara nyingi. Mwaka wa mvua mbaya au wa ugonjwa unaweza kuufuta nusu. Wa pili sijaufuta kitu. Umeongezeka tu.

Wanafunzi wangu wakifika darasa la saba huwa nawaandikisha kurasa zote mbili. Ule wa kwanza huujaza haraka: daktari, rubani, mwanajeshi, mchezaji wa Simba au Yanga. Wa pili huwachukua muda. Wengine hukaa na kalamu mdomoni hadi kengele inagonga. Mwaka jana msichana mmoja aliandika mstari mmoja tu, kwamba hataandika namba ambayo hakuiona. Baba yake ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi. Sikumwuliza kaitoa wapi.

Msimu unakaribia tena. Vyama vingine sasa vina mizani za kidijitali, na hilo ni jema, lakini mashine nayo ina mtu anayeisimamia. Nawaomba wazazi wa kusini kabla hawajamtuma kijana wao kuomba ukarani wamuulize kwanza nini hatakifanya akipewa kazi hiyo, na wasikubali jibu la haraka. Nawaomba masheikh na mapadri wetu waitazame mizani kwa ukali ule ule wanaoutazamia uraka. Na wewe mwenye gunia, ukifika kwenye mizani soma namba yako kwa sauti, pamoja na pointi, na kama hujui kusoma mwambie wa nyuma yako akusomee. Atafanya hivyo. Zamu yake inafuata.